Maswali na majibu: Linka imekutajia jina, mbona unaangalia pembeni?

Safari hii barua karibu zote zinazungumzia jambo moja: programu ilikuwa inajengeka bila shida kwenye mfumo endeshi mmoja, imehamishiwa kwenye mwingine, linka (ile inayounganisha vipande vilivyokompailiwa viwe programu moja) imegoma. Nimechagua zile zilizokuja na ujumbe kamili wa kosa. Waliotuma picha ya skrini iliyopigwa kwa simu, kioo kinang'aa na nusu ya mstari haisomeki, waandike upya. Maandishi ya kosa yananakilika, yanakilini. Na waliotuma mstari wa mwisho peke yake, ule wa `ld returned 1 exit status`, hawajatuma kitu. Mstari huo unasema kimeharibika. Kilichoharibika kimetajwa juu yake, kwa jina.

Nilijenga programu yangu kwenye Ubuntu 22.04 bila tatizo. Nimepeleka msimbo uleule kwenye seva ya ofisini yenye CentOS 7, napata `undefined reference to 'pthread_create'`. Heda ya pthread.h ipo, nimehakikisha. Nimefuta gcc nikaisakinisha upya, bado. Nisaidie fundi. (Msomaji, Dodoma)

"Heda ipo." Maneno haya nayasoma kila wiki, na kila wiki nayajibu vilevile. Heda ni ahadi tu kwa kompaila kwamba kuna kitu mahali fulani chenye jina hili na umbo hili. Kompaila inaamini na kuendelea na kazi. Anayedai kitu chenyewe ni linka, na kitu chenyewe kinakaa ndani ya maktaba. Kuwa na heda si kuwa na maktaba, na kuwa na maktaba kwenye diski si kuiambia linka iifungue. Gcc haina hatia hapa. Kuisakinisha upya ni kumaliza bando.

Kilichokupata ni hiki. Mpaka toleo la 2.33 la glibc, ambayo ndiyo libc, maktaba ya msingi ya C, kwenye Linux nyingi, `pthread_create` (inayoanzisha nyuzi, yaani threads) ilikaa kwenye maktaba yake, libpthread. Toleo la 2.34, Agosti 2021, lilihamishia libpthread, libdl na libutil ndani ya libc yenyewe. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, kwa hiyo hukutaja maktaba yoyote na mambo yakaenda. CentOS 7 ina 2.17. Kule lazima useme. Andika `-pthread` unapokompaili na unapounganisha, hata kwenye mashine mpya isiyoihitaji, maana haidhuru. Kama unatumia `dlopen`, weka na `-ldl` kwa sababu hiyohiyo. `clock_gettime` ilihama mapema zaidi, kutoka librt kwenda libc katika 2.17 hiyohiyo, kwa hiyo kwa seva yako itapita; ukikutana na mashine iliyo kongwe zaidi ya hapo, `-lrt`.

Usidhani hii ni vituko vya Linux peke yake. Jina lilelile hukaa pengine kabisa ukivuka mfumo. Soketi kwenye Linux ziko ndani ya libc. Kwenye Solaris kwa miaka mingi ilibidi uandike `-lsocket -lnsl`. Kwenye Haiku ni `-lnetwork`. Kwenye Windows ni ws2_32. Android ndiyo kinyume cha kesi yako: nyuzi ziko ndani ya libc, NDK (vifaa vya kujengea C na C++ kwa Android) haina libpthread, na hiyo `-lpthread` uliyoizoea ndiyo inayoleta kosa. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote jiulize jina hili linakaa maktaba gani kwenye mfumo huu, halafu ukatazame penye jibu. FreeBSD huandika sehemu ya LIBRARY juu kabisa kwenye kurasa za man. Microsoft huweka jedwali chini ya ukurasa wa kila kazi, likitaja heda, maktaba na DLL (maktaba ya Windows inayopakiwa programu inapoendeshwa). Watu wanasoma mfano wa juu, wananakili, wanaondoka kabla ya kufika kwenye jedwali.

Hukuuliza, lakini CentOS 7 iliacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Mwambie bosi wako leo.

`-lm` (maktaba ya hesabu) iwe mwanzo au mwisho wa mstari?

Mwisho.

Mbona kwenye Mac niliiweka mwanzo na ikakubali? (Huyu ni mwingine, ila nadhani wanakaa bweni moja.)

Kwa sababu kwenye Mac hesabu ziko ndani ya libSystem, ambayo inaunganishwa utake usitake. Hiyo `-lm` yako haikufanya kazi yoyote kule.

Linka ya GNU inasoma mstari wako kutoka kushoto kwenda kulia. Ikifika kwenye maktaba ya `.a`, ambayo ni fungu la vipande, inachukua vipande vilivyokwisha kudaiwa mpaka hapo, inaifunga, inasonga mbele. Faili likija baadaye likadai `cos`, limechelewa. Linka ya LLVM na ile ya Microsoft zinakumbuka maktaba zilizopita, ndiyo maana mstari mbovu unaweza kuishi miaka kwenye Windows na kufa siku ya kwanza kwenye Linux. Tena Ubuntu tangu 11.10 inawasha `--as-needed` yenyewe, kwa hiyo hata maktaba ya `.so`, ile inayopakiwa programu ikianza, iliyotangulia kabla ya anayeihitaji inatupwa. Debian haifanyi hivyo. Unaweza kupita Debian ukagonga ukuta Ubuntu, na mstari ni uleule.

Kanuni haibadiliki: mafaili yako kwanza, kisha maktaba, anayehitaji mbele ya anayehitajiwa. Zikihitajiana zenyewe kwa zenyewe kuna `--start-group`, ingawa kwa maoni yangu maktaba mbili zinazozungukana hivyo ni maktaba moja iliyokatwa vibaya.

Shikamoo fundi. Nimehamisha programu ndogo ya mtandao kutoka Linux kwenda Windows kwa Visual Studio. Nimeweka `#include <winsock2.h>` lakini napata LNK2019, `unresolved external symbol __imp_WSAStartup`, na mengine kama hilo. Nifanye nini? (Mwanafunzi, Eldoret)

Marahaba. Rudi kwenye jibu la kwanza usome habari ya heda na maktaba, kisha ongeza `ws2_32.lib` kwenye orodha ya maktaba za linka. Ukipenda, andika `#pragma comment(lib, "ws2_32.lib")` ndani ya msimbo, Visual Studio inaielewa. GCC ya MinGW, ile ya kujengea programu za Windows, inaipuuza, kwa hiyo kule andika `-lws2_32` mwishoni mwa mstari. Kwa herufi ndogo. Hati za Microsoft zinaandika `Ws2_32.lib`, na kwenye Windows herufi kubwa haina neno, ila ukijenga programu ya Windows ukiwa kwenye Linux utaambiwa `cannot find -lWs2_32`, kwa sababu faili lililopo linaitwa `libws2_32.a`.

Hicho kiambishi cha `__imp_` kimekupa habari ya bure: kompaila imeshaambiwa kwamba kitu hiki kinatoka kwenye DLL. Ukiona kwenye toleo la biti 32 kimekuwa `__imp__WSAStartup@8`, hiyo `@8` ni idadi ya baiti za hoja. Ukiwa na nambari hiyo upande mmoja na upande wa pili haipo, mnatofautiana juu ya namna ya kuita kazi, na hakuna maktaba ya kuongeza itakayotibu.

Sasa onyo ambalo linka haitakupa. Programu yako ya Linux bila shaka inafunga soketi kwa `close`. Windows pia ina `close`, ya mafaili. Itaunganishwa vizuri kabisa, hakuna kosa, na soketi yako haitafungwa. Unatakiwa `closesocket`. Linka inaangalia majina tu. Haijui ulikusudia nini. Mtu anayeshangilia kwamba "makosa yameisha" baada ya linka kunyamaza, mimi huwa namwonea huruma.

Nina faili la .so la Linux, chanzo chake sina. Nikilibadilisha jina kuwa .dll litafanya kazi Windows?

Hapana. Umbo la faili kwenye Linux ni ELF, kwenye Windows ni PE, kwenye Mac ni Mach-O, na kumwita mbuzi ng'ombe hakuongezi maziwa. Tafuta chanzo au tafuta maktaba nyingine.

Programu yetu ya kubadili maandishi ya zamani kwenda UTF-8 inajengeka kwenye Linux bila maktaba yoyote ya ziada. Kwenye FreeBSD: `ld: error: undefined symbol: libiconv_open`. Nimetafuta msimbo mzima, hakuna mahali tulipoandika `libiconv_open`. Sisi tunaita `iconv_open`. Hilo "lib" limetoka wapi?

Swali zuri, na limeandikwa na mtu aliyesoma jina. Nakaa nalo.

Hukuliandika wewe, limeandikwa na heda. FreeBSD tangu 10.0 ina `iconv` ndani ya libc yake, na heda yake iko `/usr/include/iconv.h`. Lakini kifurushi kingine ulichosakinisha kimekuja na libiconv ya GNU, na hiyo imeweka heda yake `/usr/local/include/iconv.h`. Ukifungua heda hiyo ya pili utakuta:

`#define iconv_open libiconv_open`

Waliifanya makusudi, ili maktaba yao isigongane na ile ya mfumo. Makefile yako, kama Makefile nyingi za watu wanaotumia FreeBSD, ina `-I/usr/local/include`. Kompaila ikaokota heda ya GNU kwanza, ikabadilisha jina kimyakimya, kisha linka ikaenda kutafuta jina jipya kwenye libc ya FreeBSD ambayo inalijua la zamani tu. Thibitisha mwenyewe kwa `nm`, inayoorodhesha majina yaliyo ndani ya faili:

`nm badili.o | grep iconv`

Utaona `U libiconv_open`. Hiyo `U` maana yake "nadai, sina". Kisha angalia anayetoa:

`nm -D /usr/local/lib/libiconv.so | grep iconv_open`

Utaona `T libiconv_open`. `T` ni "ninayo". Amri hizi mbili zinamaliza kesi nyingi zinazonifikia hapa, na bado watu wanaanza kwa kufuta mfumo mzima.

Chagua upande mmoja. Ama tumia heda ya GNU pamoja na maktaba ya GNU, yaani `-L/usr/local/lib -liconv`, ama tumia vyote vya mfumo. Heda ya GNU ina mlango wa hilo: ukitangaza `LIBICONV_PLUG` haibadilishi majina. Usichanganye. Watu wa Mac wenye MacPorts wanaipata kesi hii kwa kinyume: heda ni ya Apple inayodai `_iconv_open`, lakini kwa sababu ya `-L/opt/local/lib` linka imeokota maktaba ya MacPorts yenye `_libiconv_open` peke yake. Huo mstari wa chini mbele ya jina usiwatishe. Mac huuweka mbele ya kila jina la C.

OpenSSL inaleta ugonjwa huohuo wa heda ya huku na maktaba ya kule. Ukiona linka inadai `SSL_get1_peer_certificate`, umekompaili kwa heda za 3.0 na unaunganisha na maktaba ya 1.1. Ukiona inadai `SSL_library_init`, ni kinyume: msimbo ulikompailiwa kwa heda za kabla ya 1.1.0, na maktaba ni mpya. Hakuna swichi ya kutafuta. Safisha njia zako za `-I` na `-L` zielekee mahali pamoja, au mwachie pkg-config, programu inayotaja njia za maktaba, akuandikie.

Mac yangu ni ya M1. Linka inasema inapuuza maktaba kwa sababu "building for macOS-arm64 but attempting to link with file built for macOS-x86_64". Halafu inalalamika majina yote hayapo.

Umeshaambiwa kila kitu. Maktaba ni ya Intel, mashine si ya Intel. Angalia kwa `lipo -info`. Ulihamisha vitu kutoka Mac yako ya zamani, na Homebrew ya Intel imebaki `/usr/local` wakati ya M1 inakaa `/opt/homebrew`. Futa ile ya zamani, rekebisha njia. Orodha ndefu ya majina chini ni matokeo tu ya ule mstari wa onyo wa juu. Soma kuanzia juu.

Kampuni imetuuzia maktaba ya C++ bila chanzo. Kwenye CentOS 7 inaunganika. Kwenye Debian 12 tunaambiwa `undefined reference` kwa kazi ileile, ila jina limejaa `std::__cxx11::basic_string`. Wauzaji wanasema tatizo ni letu.

Tatizo ni la wote wawili, na wao wamelipwa.

Mwaka 2015 GCC 5 ilibadilisha umbo la `std::string`, aina ya C++ ya kubebea maandishi, na kulipa jina jipya la ndani, `__cxx11`, ili la zamani na jipya zisichanganywe bila kujua. CentOS 7 imebaki na umbo la zamani, hata ukitumia GCC mpya za devtoolset. Debian 12 inadai jipya. Ukikompaili msimbo wako kwa `-D_GLIBCXX_USE_CXX11_ABI=0` utadai la zamani na linka itanyamaza. Lakini hapo kila maktaba nyingine ya C++ unayoitumia, na inayopitisha `std::string`, lazima nayo iwe ya zamani. Umehamisha ukuta, hujaubomoa.

Na huo ni Linux kwa Linux. Ukienda Mac, FreeBSD au Android unakuta libc++, ambayo vitu vyake vimeitwa `std::__1`, au `std::__ndk1` kwenye NDK ya Android. Ukienda Windows hata namna ya kuandika jina ni nyingine. Chukua kazi ndogo, `int jumlisha(int, int)`. GCC inaiandika `_Z8jumlishaii`. Visual Studio inaiandika `?jumlisha@@YAHHH@Z`. Kazi ni moja, na linka hizi mbili hazitaelewana juu yake hata siku moja. Ndiyo maana maktaba ya C++ ya MinGW haiunganiki na Visual Studio, na ndiyo maana wanaoniuliza "kuna programu ya kubadilisha?" nawajibu hakuna.

Msimamo wangu sijaubadilisha: anayeuza maktaba bila chanzo atoe mlango wa C. `extern "C"`, viashiria na namba tu, hakuna `std::string` inayovuka mpaka. Ndani aandike C++ ya kisasa kadiri anavyotaka. Kabla hujasaini mkataba ujao, chukua faili lao, endesha `nm -DC`, uangalie majina wanayotoa. Ukiona msitu wa `std::`, dai bei ishuke au dai chanzo.

Programu ya 2009 iliyojengeka kila mahali sasa inatoa `multiple definition of 'kaunta'` kwenye mashine mpya. Nimeshauriwa niweke `--allow-multiple-definition`. Ni salama?

Aliyekushauri usimwachie mashine yako.

Mna `int kaunta;` ndani ya heda, na heda inaingizwa kwenye mafaili kadhaa. Kila faili limejitengenezea kaunta yake. GCC za zamani zilikuwa zinazilaza pamoja kimyakimya. Kuanzia GCC 10, Mei 2020, haifanyi hivyo mpaka uombe. Kwenye heda andika `extern int kaunta;`, kwenye faili moja la `.c` andika `int kaunta = 0;`. Dakika tano. Kama programu ni kubwa na leo unataka kuona tu kama inawaka, `-fcommon` inarudisha tabia ya zamani.

Ile swichi uliyoshauriwa inaiambia linka ichukue tafsiri ya kwanza na kutupa nyingine, hata kama nyingine ni kazi tofauti kabisa yenye jina hilohilo. Itakayochukuliwa inategemea mpangilio wa mafaili kwenye mstari. Badilisha mpangilio, programu inabadilika tabia, na hakuna atakayejua kwa nini.

Nina maktaba ya zamani ya michezo, .lib, bila chanzo. Visual Studio 2019 inasema `__imp____iob_func` haipo. Mtandaoni wamesema niandike `__iob_func` yangu mwenyewe inayorudisha stdin, stdout na stderr. Nimeandika, imeunganika! Lakini ikijaribu kuandika kosa inaanguka.

Ndiyo. Na ingekuwa heri isingeunganika.

Maktaba yako ilikompailiwa kabla ya Visual Studio 2015. Wakati ule `stderr` ilikuwa nafasi ya tatu kwenye safu ambayo `__iob_func` iliirudisha, na msimbo wa zamani ulihesabu mwenyewe nafasi hiyo iko baiti ngapi mbele, kwa ukubwa wa `FILE` ya wakati ule. Mwaka 2015 Microsoft waliiandika upya maktaba ya C, na `FILE` haina tena umbo lile. Wewe umeipa linka jina ililodai. Msimbo wa zamani unahesabu baiti zilezile, unatua mahali ambapo hakuna `stderr`, unaandika, unaanguka. `legacy_stdio_definitions.lib` inatibu `printf` na ndugu zake, hili haitibu. Pata toleo la maktaba lililojengwa upya. Chanzo cha maktaba nyingi za michezo kiko wazi siku hizi, na kukijenga mwenyewe ni kazi ya jioni moja.

DLL yangu inajengeka bila kosa lakini faili la .lib halitokei. Mradi wa pili unasema LNK1104, haioni .lib. Kwenye Linux msimbo huo hauna shida. (Msomaji, Muscat)

Linux hutoa nje kila jina lisilofichwa. Windows haitoi chochote usichokitaja. DLL yako haina hata jina moja la nje, kwa hiyo linka haikuona haja ya kutengeneza `.lib`. Weka `__declspec(dllexport)` unapojenga na `dllimport` kwa anayetumia, kwa makro moja. CMake tangu 3.4 ina `WINDOWS_EXPORT_ALL_SYMBOLS` inayokufanyia, na kwa kuanzia inatosha, ila vigeu vya nje bado vinataka `dllimport` kwa mkono, na DLL ina kikomo cha majina 65,535. Unacheka? Miradi mikubwa ya C++ inagonga hapo.

Mimi ningekwenda upande mwingine. Kwenye Linux washa `-fvisibility=hidden`, ili ulichosahau kukitoa kikugomee hukohuko unakoandika msimbo, si mwezi ujao kwa mteja wa Windows.

Nimejenga kwenye Ubuntu 22.04, nimepeleka faili kwenye 20.04: `version 'GLIBC_2.34' not found`. Rafiki amenipa libc.so.6 ya 22.04 niibandike juu ya iliyopo. Niendelee?

USIENDELEE. `ls`, `cp`, `ssh`, na hata amri utakayotaka kuitumia kurudisha ile ya zamani, zote zinaitegemea libc hiyo. Ukiwa mbali na seva, umeipoteza.

Huyu aliyelalamika si linka ya kujengea, ni ile inayopakia programu ikianza. Kila jina la glibc lina toleo lake, na faili lako limebeba matoleo ya mashine ulipolijengea. Endesha `objdump -T` na utafute `GLIBC_2.34`, karibu siku zote utamkuta `__libc_start_main`, ambayo kila programu ya C inaihitaji hata kama inachapisha "habari" tu. Glibc inakwenda mbele, hairudi nyuma: jenga kwenye mashine kongwe unayoihudumia. Si lazima uwe nayo mezani, kontena la AlmaLinux 8 linakupa glibc 2.28 na linatosha kwa 20.04 yenye 2.31.

Kuna watakaokwambia `-static`. Kwa programu ya hesabu, sawa. Ikigusa mtandao, linka itakuonya kwamba `getaddrinfo` bado itataka maktaba za glibc ileile wakati wa kuendesha, na onyo hilo ni la kweli. Anayetaka faili moja linalotembea popote ajenge kwa musl, maktaba nyingine ya C, na ajue kwamba musl si glibc: `backtrace` kwa mfano haimo.

`undefined reference to 'strlcpy'`. Kwenye Mac ipo. Linux imekosa nini?

Imekosa haraka. OpenBSD iliitoa mwaka 1998. Glibc iliikubali kwenye 2.38, mwaka 2023. Kwa mashine za kabla ya hapo tumia libbsd au beba nakala yako.

Lakini kabla ya kosa hilo kompaila ilikuonya, `implicit declaration`, na hukujali. Safari hii umeokoka kwa sababu linka ilikosa jina. Siku utakapoita `getenv` bila heda yake, jina lipo, linka itakubali, na kompaila itakuwa imedhani inarudisha `int`. Kwenye mashine ya biti 64 nusu ya kiashiria inakatwa. GCC 14 imeligeuza onyo hilo kuwa kosa, na wapo walioniandikia kulalamika kwamba GCC imekuwa kali. Barua zao sikuzijibu.

MinGW inasema `undefined reference to 'WinMain'`, lakini mimi sijaandika programu ya madirisha.

Na `main` pia hujaandika, au umeiandika `Main`. Kama ipo na herufi ni sawa, basi hukumpa linka faili lenye `main`. Kama unatumia SDL2, maktaba ya michezo, heda yake imeigeuza `main` yako kuwa `SDL_main`: weka `-lmingw32 -lSDL2main -lSDL2`, kwa mpangilio huo, baada ya mafaili yako. Waliouliza swali hili ni kumi na zaidi; wengine wote, jibu lenu ni hilihili.